Friji ya Muuza Maziwa

Jumamosi saa tisa na nusu alasiri fundi wa friji alifagia vipande vya nyaya, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaegemeza simu yake kwenye kopo la gundi, akageuza ndoo akaikalia. Karakana ilikuwa na friji sita. Nne zilikuwa zimekufa, moja ilisubiri mpira wa mlango, na ya sita, nyeupe, ya muuza maziwa wa Barabara ya Kapteni, ilijazwa gesi asubuhi na sasa ilinguruma vizuri. Hiyo ndiyo aliyoitegemea.

Mashindano ya mafumbo ya muziki yalianza saa kumi kamili. Mtu aliyejiita Hakimu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, alituma fumbo mtandaoni, na kila kikundi kilipewa dakika ishirini kutaja wimbo na aliyeutunga. Kikundi cha fundi kilikuwa na watu wanne waliounganishwa kwa simu: fundi mwenyewe; nesi wa wodi ya wazazi, aliyecheza wakati wa mapumziko ya chai; mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyejua mwaka wa kila santuri na hakuweza kuimba hata mstari mmoja; na shangazi yake fundi, aliyekaa chumba cha nyuma ya karakana. Shangazi aliingizwa kwa sababu kanuni ilitaka watu wanne na yeye alikuwa na simu. Kanuni ilitaka pia kila mmoja aandike "sawa" kabla jibu halijapokewa. Basi kwa miaka mitatu kazi ya shangazi ilikuwa kuandika "sawa". Aliandika kwa kidole kimoja huku akichambua mchele, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kingine.

Siri ya kikundi ilikuwa friji. Fumbo likisomwa kwa sauti mbele ya friji inayofanya kazi, friji iliimba wimbo unaotakiwa. Sauti ilianzia kwenye injini, kule chini nyuma, ikapanda taratibu hadi kwenye rafu ya mayai. Mlango ukifunguliwa, taa iliwaka na wimbo ukakatika. Ukifungwa, ulianza upya tangu mwanzo. Fundi aligundua hilo mwaka wa kwanza alipokuwa anatafuta feni mbovu. Alipowaambia wenzake, mwalimu alikwenda kupekua kanuni. Zilikataza vitabu, redio, na jamaa waliowahi kufanya kazi redioni. Friji hazikutajwa. Wakaendelea. Kasoro ilikuwa moja: simu haikunasa wimbo, ilinasa mngurumo tu, kwa hiyo ilibidi fundi awaimbie wenzake, na fundi hakujaliwa sauti. Ndiyo maana miaka miwili mfululizo walitoka wa pili, nyuma ya makarani wa forodha.

Jumamosi hii ilikuwa fainali. Washindi wangeandikwa juu kabisa ya ukurasa wa mashindano kwa mwaka mzima. Fundi alishamwambia kila mteja. Nesi alibadilishana zamu na mtu asiyempenda. Mwalimu alinunua miwani mpya.

Fumbo likaja: "Nilifika mlangoni nikapiga kengele mara tatu. Mwenye nyumba alinipokea, akatozwa faini kwa uzembe wa aliyenituma. Mimi ni wimbo gani, na nani alinitunga?"

Fundi alilisoma mbele ya friji ya muuza maziwa. Upande wa barafu, kengele ya baiskeli ililia mara tatu. Akawaambia wenzake kuna kengele ya baiskeli.

Mwalimu hakungoja aimbiwe. Alisema huo ni "Barua Bila Stempu", upande wa pili wa santuri, mtunzi Kapteni, kiongozi wa bendi, yule yule ambaye barabara imepewa jina lake. Wimbo ule hata watoto wachanga wa wodini waliujua, nesi akasema, akaandika sawa. Mwalimu akaandika sawa. Fundi naye. Zilikuwa zimepita dakika tatu, na makarani walikuwa hawajajibu.

Ila friji haikuendelea na wimbo. Sauti ya msichana ilisema, "Tena." Mwanamume akaimba mstari wa kwanza.

"Hapana, Kapteni," msichana akasema. "Hapo panashuka. Nisikilize." Akauimba mwenyewe, ukateremka polepole, ngazi kwa ngazi. Kapteni akarudia, akapandisha. Alikosea mara nne, na mara ya nne aliomba maji.

Simu ikatoa mlio. Shangazi alikuwa ameandika: "Si sawa."

Mwalimu alidhani kidole kimeteleza, akamwomba kwa heshima ajaribu tena. Shangazi akaingia kwa mlango wa nyuma na ungo wake, akasimama mbele ya friji, akasikiliza kama mtu aliyekuja kumchukua mtoto aliyeachwa kwa jirani. Kisha akaeleza bila kuharakisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anagonga mihuri posta. Wimbo aliutunga hapo hapo kaunta, na kengele ni ya baiskeli yake, aliyoiingiza studio kwa sababu nje ilishaibiwa gurudumu la mbele mara mbili. Kapteni alimwambia karatasi ya santuri ina nafasi ya jina moja tu.

"Mbona hukutuambia, shangazi?" fundi akauliza.

"Mliniomba sawa. Nikawapa sawa."

Fundi aliwaeleza wenzake yote. Hakuna aliyetilia shaka friji. Kwa nesi ilisikika mikokoteni ya chai ikipita.

"Hakimu haulizi ukweli," mwalimu akasema. "Anauliza kilichoandikwa. Mimi nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Mtoto akileta jibu la kweli ambalo halimo kwenye karatasi yangu, nilimpa sifuri." Akahesabu. "Walikuwa watatu. Wanne."

Shangazi alisema hana ugomvi na mtu. Wakitaka kumtoa kikundini wamtoe, watabaki watatu na kanuni wanaijua. Ila kwa jina la Kapteni, sawa yake hawaipati. Fundi akaangalia zile friji nne zilizokufa, kila moja ya mteja aliyekwisha kuambiwa habari za ushindi.

"Zimebaki dakika nne," nesi akasema. "Mwandikeni mama wa watu, nina mtu anasukuma huku."

Fundi akaandika jina la shangazi, majina yote matatu. Nesi akaandika sawa. Mwalimu alifuta miwani mpya, akaivaa, akaivua, akaandika sawa. Shangazi akawa wa mwisho, kwa kidole kimoja.

Hakimu hakuchelewa. "Si sahihi. Mtunzi ni Kapteni." Makarani wa forodha wakapanda juu ya ukurasa.

Mwalimu alikata rufaa ya kurasa tatu, akaambatisha sauti iliyorekodiwa karakana. Siku tisa baadaye kamati ilijibu kwamba imesikiliza yote, imesikia friji yenye afya njema, na inampongeza fundi. Jibu linabaki lilivyo.

Muuza maziwa alishaichukua friji yake. Shangazi aliifuta vumbi kabla haijapakiwa. Wiki ya pili muuza maziwa akapiga simu. Alisema inagandisha, maziwa hayachachi, na wateja wameshaizoea sauti. Neno ni dogo tu: yule mwanamume wa ndani bado anakosea pale pale. Fundi akampa shangazi simu.

"Anapandisha?" shangazi akauliza.

"Anapandisha, mama."

"Usiufungue mlango kabla hajamaliza. Ukifungua anaanza upya."

"Mama, mimi nauza maziwa. Nafungua kutwa nzima."

"Basi atachelewa kujua," shangazi akasema. Akarudisha simu, akauvuta ungo, akaendelea na mchele.