Gango la Jemadari

Sheria ya nishani ya vijana wa mlimani ni moja: mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja. Akikosekana mmoja kwenye kituo cha mwisho, kundi zima linarudi nyumbani mikono mitupu. Nami niliitaka nishani ile kwa kufa na kupona, maana kikosi cha uokoaji hakimpokei kijana asiye nayo.

Tulikuwa wanne, na wa mwisho kila mara alikuwa pacha wangu. Tulimwita Kobe. Tulipojitolea hospitalini, sehemu ya kwanza ya nishani, alisugua vitanda mpaka wauguzi wakamwonea huruma, lakini mlimani hana mbio. Kiongozi wetu, Jemadari, mtoto wa mwenye bucha, hasira zake ziko karibu kama mate.

Kobe alipoketi tena kufunga viatu, Jemadari alichomoa nguzo ya hema kwenye mzigo.

"Simama!"

"Nipumue kidogo tu, kaka."

Nguzo ikashuka. Kobe alikinga uso kwa mkono, nikasikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Akapigwa tena, mgongoni, mpaka nguzo yenyewe ikakatika vipande viwili. Nilimrukia Jemadari nikamng'ata sikio, nikaonja damu. Akanipiga kiwiko cha mdomo, jino langu likabaki kwenye nyasi. Mwenzetu wa nne alipiga kelele tu, "Jamani! Jamani!" utadhani huyo Jamani angekuja kuamua ugomvi.

Tulipoishiwa nguvu, Jemadari aliutazama mkono wa Kobe unaoning'inia, akapiga magoti kando yake. Hakuna aliyemshinda katika somo la huduma ya kwanza. Aliokota vile vipande vya nguzo, akaubana mkono katikati, akaufunga kwa skafu yake. Alifunga vizuri, mshenzi yule.

"Tuseme ameanguka," alisema. "La sivyo tumekwisha sote. Hata wewe, dada."

Kobe aliitikia kwa kichwa, macho yake kwangu. Alijua ninavyoitaka nishani.

Kituoni tulipokewa na mkaguzi, mama mnene mwenye filimbi shingoni. Nishani nne zilikuwa mezani. Akaugeuza mkono wa Kobe taratibu.

"Ameanguka," alisema Jemadari.

"Pole, mwanangu. Ila gango hili ni safi, litawaongezea alama. Nani kalifunga?"

Jemadari akanyoosha kidole juu, akitabasamu.

"Ni yeye," nikasema, damu ikinitoka pengoni. "Kalifunga kwa nguzo aliyomvunjia mkono."

Yule mama alizitazama nyuso zetu, kisha akazirudisha nishani kwenye kopo, zote nne. Kobe, ambaye mlimani hakutoa hata chozi, akalia.