Baunsa wa Maji

"Hunywi hiyo dawa. Nimesema hunywi!"

"Bosi, mwili ni wangu."

"Mwili wako nimeuajiri mimi! Kilo mia na kumi, nimezipima mwenyewe. Leo unataka kuzikojoa?"

Wodi nzima imetugeukia. Wagonjwa wameacha chai inapoa, wanamwangalia bosi na suti yake anavyonifokea kitandani.

Miezi miwili nyuma nilikuwa fito. Nikaanza kuvimba. Asubuhi uso umejaa hadi macho hayafunguki, jioni miguu magogo, viatu haviingii. Shangazi akafurahi kweli, eti hatimaye mtoto wa kaka yake anaanza kufanana na mtu. Mkojo nao unatoa povu kama nimetia sabuni, ila hilo nililinyamazia. Nikaenda kuomba kazi ukumbi wa sherehe. Bosi akanipandisha kwenye mizani ya magunia, akacheka, akaniweka mlangoni. Akaniita Ukuta. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, watu wazima wakawa wananiamkia kwa woga! Hawakujua ukinibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Juzi nikapanda ngazi nne tu, pumzi ikakata, nikaanguka pale pale mlangoni. Wageni wakaniruka, wakaingia bila kadi.

Kelele za bosi zikamleta daktari pale wodini, mama mfupi mwenye haraka zake.

"Daktari, tuelewane," bosi akasema. "Maji mtoe miguuni. Mabega niachie."

"Mabega gani? Hapa hakuna msuli. Figo ni chujio, na la huyu limeharibika. Protini inapita, inatoka na mkojo, ndiyo maana anakojoa povu. Protini ndiyo inayoshika maji ndani ya mishipa. Ikipungua kwenye damu, maji yanatoroka yanajaa mwilini."

"Si akae hivyo hivyo?"

"Damu yake inaganda ovyo. Donge moja likifika kwenye mapafu, utamzika na hayo mabega."

Bosi akakuna kidevu.

"Kidonge hiki cha kutoa maji," daktari akaniambia, akigusa vidonge mkononi mwangu. "Chumvi punguza. Na hiki cha kutuliza figo, kinaweza kuufanya uso wako uwe wa mviringo."

"Hicho!" bosi akaruka. "Mpe hivyo viwili viwili!"

Daktari akamtazama, akaenda kitanda cha pili.

Nikameza vyote. Haikupita saa, kibofu kikaanza kupiga kelele. Nikashuka kitandani. Bosi akanishika mkono, sauti yake sasa ya kubembeleza.

"Ukuta, mdogo wangu. Jumamosi kuna harusi, watu mia nne. Jikaze hadi Jumapili."

"Hadi Jumapili naweza kuwa maiti, bosi."

"Ukipungua, mlango una mtu mwingine. Nakwambia ukweli."

Nilimwamini. Na hakuna mlango mwingine duniani ambapo watu wataniogopa.

"Mtafute huyo mwingine," nikasema. "Ila mpime mkojo kwanza."

Nikajitoa mkononi mwake, nikampa mgongo, nikaelekea chooni.