Mshika Mto Hasogei

Teke la mzunguko, lile ambalo wanakarate huliita mawashi, lina namna mbili za kupigwa, na fundi saa mmoja wa kike alikuwa akiziogopa zote mbili. Aliamka na hofu hiyo, ikamfuata mpaka dukani. Lenzi jichoni, kibano mkononi, alijaribu kurudisha skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga kwenye tumbo la saa ya mteja. Skrubu ikamponyoka mara tatu. Mara ya nne akaifunika saa kwa bilauri na kufunga duka mapema.

"Unaenda kweli?" dada yake alimuuliza. Dada huyu aliuza vitambaa chumba cha pili, na ndiye pekee aliyejua siri ya mkono wake wa kulia.

"Nisipoenda watasema nimeingia mitini."

"Waache waseme mpaka midomo iwaote sugu. Daktari alikwambia nini?"

Alichukua mfuko wake wa mazoezi. Daktari alimwambia kwamba chuma kilichofungwa kwenye mfupa wa mkono wake wa kulia kimeshika vizuri, lakini kimelala karibu mno na mshipa wa fahamu. Mkono huo ukivunjika tena mahali palepale, vidole asivitegemee. Fundi saa asiye na vidole atazifanya nini saa? Atakaa azisikilize.

Ukumbi wa karate ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda kupitia sakafu ikachanganyika na jasho. Mwalimu alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, mzimamoto mstaafu mwenye miguu myembamba na sauti ya king'ora. Wanafunzi ishirini na kitu walikuwa wameketi ukutani, magoti yamekunjwa, macho yanawaka kama watoto wanaosubiri maji ya chai yachemke. Katikati alisimama seremala mmoja mkubwa waliyemwita Bawaba, kwa sababu kila alipofundisha teke alisema nyonga ni bawaba na mguu ni mlango.

Ubishi wake na Mwalimu kuhusu teke hilo ulikuwa na wiki tatu sasa.

"Goti kwanza!" Mwalimu alikuwa akisema. "Goti lipande pembeni, lielekee unapopiga. Kisha geuza nyonga, kisha ugoko ufyatuke, na upige kwa nyama hii hapa, chini ya vidole. Vidole umevikunja nyuma. Halafu urudishe mguu wako nyumbani haraka. Hilo linachoma. Linaingia katikati ya mbavu mbili kama ufunguo."

"Mzee wangu, na heshima zako zote," Bawaba alisema, "hilo ni teke la kupigia picha."

Ukuta mzima ukacheka.

"Na lako?"

"Langu halina mapozi. Naurusha mguu wote, napiga kwa ugoko, simrudishii mtu mguu. Ukikinga kwa mkono, naondoka na mkono."

"Hilo la kuvunjia milango ya vyoo."

"Basi leo tuone nani choo!"

Wakacheka tena, hata Mwalimu. Fundi saa alicheka nao, meno tu. Maneno yale ya kuondoka na mkono hayakuwa mzaha kwake, kwa maana mwaka uliopita Bawaba aliondoka na wa kwake, aliuvunja kwa teke hilohilo. Alikuja hospitalini na mfuko wa machungwa, akamenya mwenyewe, akala mengi mwenyewe, akasema pole dada, mchezo ndivyo ulivyo.

Pale ukumbini ubishi wa ufundi haukuachwa uchachuke. Ulimalizwa kwa mto. Mwenye mkanda wa juu kuliko wote, ukiwatoa wabishi, alishika mbavuni mto wa mateke, sponji nene ya kupokelea mapigo. Kila mbishi alipiga mara moja, kwa nguvu zake zote, kisha mshika mto akatamka lipi limeingia zaidi, na neno lake halikubishiwa. Sharti lilikuwa moja: mshika mto hasogei. Mpigaji anaurusha mwili wake wote akimtegemea yeye.

Na mwenye mkanda wa juu, baada ya Mwalimu na Bawaba, alikuwa yeye.

Angeweza kusema. Lakini mwezi uliopita, siku aliyorudi, Mwalimu alimuuliza mbele ya wote kama amepona. Wasichana wadogo watatu wa mkanda mweupe walikuwa wakimtazama bila kupepesa. Akajibu kwa kuinama chini na kupiga pushapu thelathini juu ya ngumi, chuma kikimuuma kuanzia ya kumi. Wakampigia makofi. Sasa asingeweza kuyarudisha makofi yale.

"Fundi," Mwalimu aliita. "Mto."

Aliunyanyua. Ulikuwa mto wa ngozi bandia, umechakaa pembeni, na kamba mbili nyuma za kupitishia mikono. Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Teke la Mwalimu linachoma na kusimama, kwa hiyo unaubana mto mwilini na kuziachia mbavu kazi. Teke la Bawaba linafagia. Ukiubana, linakutupa ukutani pamoja na mto wako. Lazima uusukume mbele ulilaki, na ukiusukuma, kinachobaki nyuma ya sponji ni mikono miwili. Wa kulia ndio unaokaa juu.

Alitamani kwenda msalani, ingawa alikuwa ametoka huko.

"Nani anaanza?" aliuliza.

"Mkubwa aanze," Bawaba alisema. "Mimi nitafunga mjadala."

Mwalimu hakupoteza muda. Fundi saa aliona goti likipanda, dogo na la haraka, akaubana mto. Pigo likaingia chini ya titi la kushoto, jembamba, kama mtu amemsukuma kwa kidole cha chuma. Pumzi ikamtoka. Mguu ulikuwa umesharudi chini kabla hajajua kama ameumia.

"Haya!" ukuta ukashangilia.

Alijikaza kisabuni, akavuta pumzi. Mbavu zilikuwa nzima. Lakini kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimeingia ganzi. Alikikunja. Kikachelewa. Akakikunja tena, kikaja polepole, kama mtoto aliyeitwa kutoka mchezoni.

"Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Unasemaje?"

Wale wasichana watatu walikuwa wameshikana mikono.

"Hamna kitu."

Bawaba alikuja mbele akizungusha nyonga. Alinuka vanishi. "Dada Fundi, shusha mto kidogo. Hapo. Na usukume mbele, usije ukaniambia sikukuonya." Akamkonyeza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: angempiga kwa moyo mweupe, kwa nguvu zote, kisha alete machungwa.

Akasogea hatua mbili nyuma. Akatikisa mabega. Ukumbi ukanyamaza hata kelele za wateja wa duka la chini zikasikika, mtu anauliza bei ya brashi.

Fundi saa aliusukuma mto mbele. Alimtazama Bawaba mguuni, mguu wa kusimamia, kwa sababu alikuwa ametumia miaka kumi kujifunza kwamba teke halianzii kwenye mguu unaopiga. Linaanzia chini. Kisigino kikianza kugeuka, mwili umeshaamua, na hakuna awezaye kuurudisha.

Kisigino kikageuka.

Hakuwaza. Au aliwaza jambo moja tu, skrubu ile ya asubuhi, na vidole ambavyo kesho vingeitafuta. Akapiga hatua moja nyuma, mto na mikono vyote, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Ugoko wa Bawaba ulipita hewani kwa kishindo cha nguo. Haukukuta kitu. Nyonga ile iliyokuwa bawaba ikafunguka, ikaendelea kufunguka, mguu ukamzungusha mzima mzima mpaka mgongo wake ukawa mbele na uso ukawaelekea wanafunzi. Akaanguka kwa kiwiko na nyonga kwa pamoja. Sakafu ikalia. Kule chini mtu wa brashi akanyamaza.

"Mguu wangu! Fundi, umeniua!"

Wawili wakamkimbilia. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, tayari kinavimba. Fundi saa alibaki ukutani, mto bado mikononi. Alijua alichofanya. Kwa miaka ishirini ya ukumbi ule hakuna aliyewahi kukifanya.

Mwalimu alikuja taratibu. Hakupaza sauti, na wote wakaogopa zaidi.

"Umesogea."

"Nimesogea."

"Kwa nini?"

Akawaambia. Chuma, mshipa wa fahamu, vidole, daktari. Alisema mbele ya wasichana wale, na hakuwatazama.

"Mbona hukusema kabla?" Bawaba aliuliza kutoka sakafuni, jasho linamtiririka. "Si ungesema tu, dada yangu? Mimi ningekataa."

"Niliogopa."

"Mimi nimeumia kwa sababu wewe uliogopa kusema!"

"Ndiyo."

Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja. Alionekana mzee ghafla. "Mwanangu, kuficha ni kosa lako, na hilo tutalizungumza nyumbani na mama yako. Lakini mtu ameurusha mwili wake akikutegemea, ukamwachia hewa. Sheria ni hiyo moja tu tuliyonayo humu. Piga goti, muombe mwenzako radhi, yaishe."

"Na nisipoomba?"

"Utavua mkanda. Usinifanye nikuvue mimi."

Ukumbi huu ndio uliomlea. Hana mwingine. Aliutazama mkono wake wa kulia, akakunja kidole cha mwisho. Kilikuja.

"Lako limeingia, Mwalimu," alisema. "Hilo ndilo neno langu la mto. La Bawaba silijui na sitaki kulijua. Nilipaswa kusema mapema, na nilidanganya nilipopiga pushapu zile, hilo nalikubali mbele ya kila mtu."

"Basi omba radhi."

"Kwa kudanganya, nimeshakubali kosa. Kwa kusogea?" Sauti ilikuwa bado ndogo, lakini ilisikika mpaka kona ya mwisho. "Kwa kusogea siombi. Hata kisigino kile kikigeuka mara mia, nitasogea mara mia. Siombi radhi."