Siku Ngitili Ilipoitwa Wilayani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeletewa barua na barua yenyewe. Ilibisha hodi, nikaikaribisha kiti, ikakataa. Ilisema ina haraka.

"Wewe ndiye Gindu, katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji?"

"Ndimi."

"Maombi yenu yamefika. Serikali inasaidia misitu ya vijiji kwa miche, buti za walinzi na posho ya doria. Mwombaji afike wilayani leo, kabla ya saa tisa na nusu, ajieleze mwenyewe. Asipofika, kilima chenu kitakatwa viwanja."

Nikauliza mwombaji ni nani. Barua ikajitazama tumboni, ikasoma: "Jina la mwombaji: Ngitili."

Kosa lilikuwa langu. Mahali pa jina la kamati nilikuwa nimeandika jina la msitu. Sisi Wasukuma wa huku, ngitili, yaani malisho yenye miti tunayoyafunga msimu mzima wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi, tunaitaja kama mtu mzima wa ukoo. Tunasema ngitili imechoka, ngitili imekubali tuifungue. Fomu iliniuliza nani anaomba msaada, nami nikajibu ukweli.

Nikakimbilia kwa Mayu Kwandu, mwenyekiti wetu. Mama huyu alikikuta kilima kile kikiwa mawe matupu. Miaka kumi na minane amekizunguka kwa miguu kila asubuhi, fimbo mkononi, akifukuza mbuzi wa watu, na wa kaka yake pia. Namkuta anajifunga kanga kiunoni.

"Mayu, ngitili inaitwa wilayani."

"Basi iambie ipanguse matope kwenye mizizi," anasema. "Tusiende kuchafua ofisi za watu."

Tunaondoka. Migunga inatangulia, imeinua mizizi kama akina mama wanaovuka dimbwi. Mikwaju inafuata. Mninga mmoja wa makamo unalalamika goti, unapakiwa kwenye baiskeli, nausukuma mimi. Njiani kila tunayekutana naye anasalimia, "Mwangaluka!" na miti yote inaitikia, "Mwangaluka mhola," mmoja baada ya mwingine, kwa adabu zote. Miti elfu nne. Nikiiomba iitikie kwa pamoja inaniuliza nimelelewa wapi.

Mlango wa ofisi ya wilaya ulikuwa josho. Kila aliyeingia alitumbukizwa kwenye dawa ya kupe, akaibukia upande wa pili na namba yake. Mezani alikaa Muhuri, wa mpira, mnene, amevaa tai.

"Mwombaji ni yupi?"

"Sisi," ikasema miti.

"Mna picha mbili za pasipoti?"

Mayu Kwandu akauambia mkwaju mmoja usimame wima na utazame mbele. Ukapigwa picha. Kivuli chake kikaomba nakala, kikapewa.

"Fomu inasema nguvu za wananchi ziambatanishwe," akasema Muhuri. "Sioni kilichoambatanishwa. Na sasa ni saa tisa na dakika kumi na nne."

Nikamwaga mezani mihutasari ya vikao vyote. Muhuri hakuigusa. "Hayo ni maneno, ndugu katibu. Imeandikwa nguvu."

Nilishakiona kilima kimepigwa vigingi, na ng'ombe wetu wa kiangazi wakivilamba kwa njaa.

Mayu Kwandu hakubishana. Alifungua mlango wa nyuma wa ofisi, na nyuma ya ofisi palikuwa kilimani. Akainama pale inapoanzia njia yake ya doria, ile aliyoikanyaga mwenyewe mpaka ikawa nyeupe, akaanza kuikunja kama mkeka. Aliikunja kukizunguka kilima chote, akajitwika, akarudi. Shingo haikutikisika. Nikimsifu mama huyu watu hudhani najipendekeza kwa mwenyekiti, lakini laiti wangemwona!

Akaitandaza mezani. Ikapita mezani, ikaingia kwa mhasibu, mhasibu akainua miguu kuipisha, ikatokea barabarani na bado haijakunjuka yote. Nyayo za mama zilikuwa juu yake zote, kwanza za pekupeku, halafu za kandambili, halafu za kandambili zilizoshonwa kwa waya. Muhuri akashuka kitini akaifuata taratibu mpaka akapotea machoni. Aliporudi, tai ilikuwa imelegea.

"Siku zote hizi, mama, peke yako?"

"Na ngitili," akajibu. "Mimi nikitembea, yenyewe ikiota."

Muhuri akaiita stepla, nayo ikaibana njia kwenye fomu kwa pini moja. Muhuri akavua tai, akaruka juu, akajigonga mwenyewe katikati ya karatasi kwa nguvu zake zote. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tisa.

"Njia yangu nitaifuata lini?" akauliza Mayu Kwandu.

"Viambatisho havirudishwi, mama. Samahani sana."

Sijawahi kumwona mama yule macho yakimlenga machozi, isipokuwa hapo. Aliitazama njia yake mezani, akaipapasa ukingo.

"Haya," akasema. "Ibaki."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na mtu alikuwa akibisha. Nikafungua. Alikuwa Mayu Kwandu, fimbo mkononi, kanga imelowa umande mpaka magotini.

"Katibu, mwangaluka."

"Mwangaluka mhola, Mayu."

"Hebu njoo kilimani unieleze. Tangu kumepambazuka naitafuta njia yangu ya doria siioni. Pote nyasi, utadhani hajawahi kupita mtu."

Nilicheka kama mwehu. Nikamshika mikono yote miwili. "Tumepata, Mayu! Tumepata!"

"Tumepata nini, na mimi nakwambia nimepotelewa?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akageuka. Alisema mbuzi wa kaka yake hawatamsubiri. Nilipovaa viatu na kumfikia, alikuwa ameshaingia kwenye nyasi, analaza za kulia kwa fimbo na za kushoto kwa mguu, na nyuma yake kulikuwa na njia ya hatua kama ishirini hivi.