Kupimwa Kabla ya Kuposwa

Anisia alipoitwa Gitega kwa vipimo vya afya, mama yake hakungoja maelezo. Alitoka nje akawatangazia majirani wa Buhinyuza kwamba bintiye amepata kazi, na kabla jua halijazama, kitanda cha Anisia kilikuwa kimeshahamia kwa binamu yake Raissa.

"Mama, nimeitwa kupimwa tu."

"Kupimwa ndiyo medikali," Vumilia akamjibu. "Unanifundisha mimi medikali?"

Vumilia alikulia katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, kama nusu ya majirani zake. Kambini mambo yalikuwa na mpangilio. Mtu aliyeomba kupelekwa Amerika alihojiwa, akahojiwa tena, mpaka akasahau alichojibu mwanzo, na siku alipokubaliwa ndipo alipoitwa medikali. Aliyeitwa medikali aligawa sufuria zake. Na aliyekwenda medikali kisha akabaki, huyo hakuulizwa kitu. Watu walisogeza tu vikombe vyao mbali na chake.

Basi Anisia akapanda gari la Gitega bila kutia kitu tumboni, kama alivyoagizwa, huku wanakwaya wakimwimbia mpaka barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza ghala katika kiwanda kimoja cha kahawa. Kwenye mahojiano alijibu vizuri, hilo alilijua. Kwa hiyo alipofika zahanati na kuwakuta watu wamejaa kwenye benchi, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo mkononi, aliwasalimu kwa moyo mkunjufu.

"Hongereni kwa kazi."

"Kazi gani?" akauliza Fiston, kijana wa Kivu aliyekaa mwisho wa benchi. "Nafasi ni moja, dada. Tuko tunaigombania sisi wote."

Anisia alikitazama kikopo alichopewa. Kisha akamwita Bwana Damiano, mkuu wa wafanyakazi wa kiwanda, aliyekuwa akipitapita mbele yao kama mzee wa kanisa mwenye kapu la sadaka.

"Bwana Damiano, barua yangu ya kazi iko wapi?"

"Barua bado. Kwanza munapimwa wote, après patron anachagua. Iko vile."

"Huyo bosi wenu anachagua kwa kutazama nini, majibu yangu au damu yangu?"

"Anatazama vyote."

"Asiponichukua, nitajuaje kilichoniangusha?"

"Hautajua," alisema Damiano kwa upole, kama mtu anayetoa jibu la kuridhisha.

Simu ya Anisia ikalia. Sauti ya Vumilia haikuhitaji spika.

"Wamekutoa damu? Mchungaji anauliza akuombee sasa au baadaye."

"Mwambie angoje, mama."

"Angoje nini? Usiniambie wamekukuta na kitu. Hapa nyumbani kumejaa watu."

Benchi zima likageuka kumtazama. Anisia akaiona Buhinyuza yote: akirudi leo bila kazi, hakuna atakayesema nafasi ilikuwa moja. Watasema alikwenda medikali akarudi. Vikombe vitaanza kusogea.

Akakata simu, akakiweka kikopo chini.

"Mimi sipimwi. Nichagueni au mniache kwa yale niliyojibu. Mkinichagua, andikeni kwamba kazi ni yangu nikikutwa mzima, nami nitawapa damu mpaka mseme basi."

"Dada, uko unaficha nini?"

"Mkojo, Bwana Damiano. Na nitaendelea kuuficha. Kwani kwenu mnaposa vipi? Mnamfungua binti mdomo, mnamhesabu meno, ndipo mnaamua kama mtapeleka pombe kwao?"

Benchi likaangua kicheko. Fiston akakisukuma kikopo chake chini ya benchi kwa kisigino. Mama mmoja aliyekwisha kutolewa damu akauliza kama anaweza kurudishiwa.

Damiano akatoka nje na simu yake. Kupitia dirishani walimwona akieleza kwa mikono, kisha akisikiliza, kisha akisikiliza zaidi. Aliporudi hakumtazama mtu.

"Patron anasema aliyejibu vizuri ni Anisia. Atapata barua leo, apimwe kesho. Wengine, mwende munywe chai."

"Afadhali," alisema Fiston akinyanyuka. "Mi nimekosa kazi nikiwa mzima."

Wakacheka tena, na hapo Damiano akashindwa kuvumilia. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mais wewe, umefanya nichekwe mbele ya watu. Ile maneno ya meno. Uombe pardon hapa, wote wasikie, ndiyo mi niende kuandika."

Watu waliokuwa wakiondoka wakasimama. Anisia akavuta kiti kilichokuwa karibu na meza, akaketi, akakunja mikono.

"Barua umeagizwa na patron, si mimi. Iandike tu, nitaingoja hapa hapa. Msamaha siombi."