Kinundu cha Chuma na Nukta Nyekundu

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba mtihani wa bastola unaanza na mimi. Mimi ni koplo wa polisi, nina miaka arobaini na sita, na mtihani huo nimeshaufeli mara mbili. Nikifeli tena leo, natolewa doria napelekwa stoo kugawa mablanketi.

Nainua bastola. Kile kinundu cha chuma cha kulengea, kilicho mbele juu ya mtutu, kinakohoa.

"Koplo Nyamizi, unaniona?"

"Nakuona kama njegere ndani ya uji, afande."

"Sheria ni moja. Nitazame mimi, shabaha iwe ukungu."

Nikakitazama. Ukungu ukaja kweli. Ukaifunika shabaha, ukamfunika na mkufunzi wetu, Sajenti Masatu. Nilimsikia akiomba sweta.

Ukungu ulipopungua, tulikuwa kwenye chumba cha kupima macho. Shabaha ya karatasi imekaa kwenye benchi, inasubiri zamu yake. Juu ya bastola yangu pameota kioo kidogo cha kulengea, cha betri, na ndani ya kioo nukta nyekundu inanawa uso.

"Shikamoo, mama," nukta ikasema.

"Marahaba. Nikutumie vipi?"

"Usinitafute. Fumbua macho yote mawili, itazame shabaha. Mimi nitaikalia mwenyewe."

Kinundu kikaguna. "Na betri ikiisha?"

"Nitazimika," nukta ikajibu bila aibu. "Ndiyo maana hujafukuzwa kazi, mzee wangu. Kaa hapohapo."

Kinundu kikafikiri, kisha kikainama kidogo kuipisha. "Miaka ishirini tumelenga na koplo vizuri," kikasema. "Macho ndiyo yamechoka. Yeye hajachoka."

Hapo nikafumbua macho yote mawili.

Shabaha ikasimama, ikajinyoosha mikunjo. "Katikati, tafadhali, koplo. Kwingine kunaniuma."

"Ni hapohapo katikati," nikaiambia, nikafyatua mara sita. Risasi zote zikapita tundu moja, kwa foleni. Daktari wa macho akaandika kwenye cheti: Amefaulu, anaona.

Nikaamka kumekucha. Mume wangu, Lufunga, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Tabu, leo nafaulu," nikamwambia.

"Eeh?"

"Nasema leo nafaulu!"

"Paza sauti, mama," akasema, huku anachokonoa sikio kwa kidole. "Tangu alfajiri masikio yangu yanalia nziii, kama niliyelala kando ya bastola."