Siku Niliyomkimbiza Mama Namelok kwa Mwiko

Mimi Magreth nina hasira za karibu, nakuambia mapema usije ukashangaa huko mbele. Mama yangu alinikanya tangu nikiwa mdogo, kule Kimamba kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, kwamba hasira hasara. Nikamjibu hata unyonge una hasara yake. Akanichapa.

Sasa sikia. Mwaka huu nilipata kazi ya upishi kwenye gesti moja hapa Mikumi, kando ya barabara kuu, wanapolala madereva wa malori. Mwenye gesti ni mzee Wenceslaus, mtu mzuri ila kwenye muda hana mchezo. Aliniambia nianze Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nisipofika atachukua mwingine. Kazi ile niliitaka kwa kufa na kupona. Tatizo lilikuwa moja tu: nani angebaki na Lightness?

Lightness ni mwanangu, ana miaka mitano na ana mtindio wa ubongo. Hakai bila kuegemezwa, hasemi, lakini anacheka vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, hasa ukipiga chafya. Kula ndiyo shughuli. Bakuli moja la uji ni saa nzima, na hakuwa anapokea kijiko cha mtu isipokuwa changu. Bibi yake alimkatalia, shangazi yake alimkatalia. Kwa hiyo nilikuwa nauza maandazi nyumbani, mkono mmoja kwenye karai, mwingine kwenye kijiko.

Nikaanza kuhangaika. Kituo cha kwanza cha kulelea watoto, mwalimu alinikaribisha vizuri mpaka alipomwona Lightness mgongoni. Akasema wanapokea wanaojiendea chooni wenyewe. Kituo cha pili walimkubali kwa ada mara mbili ya wenzake. Nikauliza hiyo ya pili ni ya nini, mwenye kituo akasema ni ya usumbufu. Nikamwambia usumbufu hajauona, nikaondoka kabla sijamwonyesha. Jirani yangu Mwamvua akajitolea, Mungu ambariki, lakini siku ya majaribio nilirudi nikamkuta mwanangu amelala chali mbele ya runinga, uji umemkaukia shingoni, Mwamvua anafuatilia tamthilia. Roho mbaya hana. Subira ndiyo hana.

Jumamosi nikaenda gesti kuonyeshwa jiko, bado sina mtu. Lightness nikamkalisha mlangoni kwenye kiti chake cha mbao chenye mikanda. Nikiwa nakoroga maharage, akaja mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima, shuka la bluu, dumu la maziwa mkononi. Alipomwona Lightness akaweka dumu chini, akainama, akamtemea mate kwenye paji la uso.

Hapa lazima unielewe. Mwanangu ameshatemewa mate sana. Wapo wanaomwona barabarani wakatema pembeni na kusema Mungu apishie mbali, utadhani nimebeba tauni. Kila mara huwa nameza. Siku ile jambo halikumezeka.

Nilitoka na mwiko, ule mrefu wa maharage, unavuja mchuzi. Maneno niliyomwambia siyarudii. Yule mama akanitazama, akautazama mwiko, akapandisha shuka, akatimua mbio. Mimi nyuma yake. Dumu nililipiga teke mwenyewe nikipita, maziwa yote chini. Tukakatiza kati ya malori, madereva wakishangilia utadhani wako uwanjani, mpaka pumzi ikaniishia nikarudi. Mzee Wenceslaus alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemkimbiza Mama Namelok," alisema.

"Amemtemea mwanangu mate."

"Amembariki, Magreth. Mimi nimekulia Tindiga, nimeishi na wafugaji hawa maisha yangu yote. Mtu mzima wa kwao akimpenda mtoto, humtemea mate kidogo na kumwombea heri." Akayatazama maziwa yaliyomwagika. "Na chai ya wageni utaitia nini leo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lightness pale kwenye kiti chake alikuwa anacheka tu.

Jumapili baada ya ibada nikapanda bodaboda na mwanangu hadi kwa Mama Namelok, nje kidogo ya mji. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba yake anatunga shanga. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akatunga shanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkubwa asipoitikia shikamoo yako, unajua umefika pabaya. Nikabaki chini, mtoto mgongoni, kokoto zinanichoma magoti.

"Mwiko umeuacha wapi?" aliuliza hatimaye.

"Jikoni, mama."

"Marahaba."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakanichanganya, nikalia. Nikamweleza yote: wanaotema mate barabarani, vile vituo, Mwamvua, Jumatatu. Alisikiliza na uso mkavu. Akasema, "Mbio huna," halafu akanyoosha mikono nimpe mtoto.

Akampakata Lightness, mgongo wa mtoto kifuani kwake, kiganja chini ya kidevu. Akaomba uji niliokuja nao.

"Hatakula, mama. Anakula kwangu tu."

"Mwanangu wa tatu, Kaelo, alikuwa hivi hivi. Wewe unaangalia kijiko. Angalia koo. Likishuka, ndipo umpe kingine."

Lightness akafunga mdomo. Mama Namelok hakumlazimisha. Alikaa tu, kijiko kikiwa hewani, akiimba kitu cha kwao kwa sauti ya chini. Mdomo ukafunguka. Koo likashuka. Kikaja cha pili.

Wakati huo Kaelo mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba, mwanamume mzima na magongo yake mawili, anawafokea mbuzi. Akaniuliza kama mimi ndiye yule wa mwiko.

"Mama," nikasema, "utanikalia na Lightness nikiwa kazini?"

Akataja bei isiyofika nusu ya ile ya kituo. Nikakubali haraka asije akabadili mawazo.

Jumatatu nilipika huku akili iko kwa mwanangu. Wali ukashika chini. Saa kumi nilipotoka, nilikwenda mbio kweli. Nikamkuta amepakatwa, nguo kavu, bakuli la uji tupu. Nikamchukua, akaangua kilio. Nikamkagua mwili mzima, hana joto, hana jeraha. Nikamrudisha kwa Mama Namelok, kimya. Nikamchukua tena, akalia, kile kimkono chake kigumu kimeelekea kwa yule mama.

Miaka mitano mwanangu hakuwahi kumlilia mtu mwingine. Kusema kweli niliona wivu, tena wivu wa kuchoma. Halafu nikakaa chini kwenye vumbi, machozi yakanitoka kwa furaha, maana nimekuwa nikilala na swali moja tangu azaliwe: siku mimi nisipokuwepo, atamtaka nani?

Mama Namelok akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa wanaolia ni wawili," alisema. "Nianze kumbembeleza nani?"

"Anza na mimi, mama," nikamwambia.